Jua Likikata, Sukari Ikigandisha

Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa Marekani wa miaka 69, aliyeendesha lori la kusambaza mizigo kwa miaka 28. Shavu lake la kulia lilikuwa la mzee wa kawaida. La kushoto, lililokuwa upande wa dirisha, lilijaa makunyanzi mazito na vinundu. Ungedhani ni la baba yake.

Kioo cha dirishani huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya jua inayobabua, lakini mionzi ya urujuanimno aina A hupita na kuzama ndani zaidi ya ngozi. Huko huchochea vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni, nyuzi za protini zinazoipa ngozi uimara. (Dereva wa Kenya au Tanzania achunge shavu la kulia.)

Sukari ina njia yake. Glukosi ikizidi kwenye damu hujibandika kwenye protini, kwa kemia aliyoieleza Mfaransa Louis Camille Maillard mwaka 1912, ileile inayoyapa maandazi rangi ya kahawia. Mwilini huenda polepole, ila kolajeni ya ngozi hudumu miaka mingi bila kubadilishwa, hivyo mabaki ya sukari hiyo hulundikana na nyuzi hugandamana na kukakamaa. Baadhi ya waliougua kisukari kwa muda mrefu wakikutanisha viganja, vidole hubaki na uwazi katikati, havinyooki tena.

Maadui hawa wawili hukutana. Kwenye ngozi iliyopigwa sana na jua, mabaki ya sukari huonekana kwa wingi katika nyuzi za elastini zilizoharibika. Na huko Leiden, Uholanzi, watu wenye sukari nyingi zaidi damuni walikisiwa kuwa wazee zaidi kwa kutazamwa picha tu, hata baada ya watafiti kuzingatia sigara na madhara ya jua.

Melanini huwachelewesha weusi kupata makunyanzi, na ndiyo maana mkorogo ni hasara ya waziwazi: mtu hulipia kuvuliwa kinga yake. Sukari haijali rangi. Wapo wanaosugua shingo kwa dodoki kila siku wakidhani weusi ule mnene kama mahameli ni uchafu, kumbe mara nyingi ni dalili kwamba insulini imeanza kushindwa kazi. Hao wanahitaji kipimo cha sukari kuliko sabuni.