Mizani ya Akili Imeshikwa na Nani?

Mkulima aliyewahi kuuza pamba ajua kwamba mizani si chombo cha kuaminiwa hivi hivi. Katika miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walichoka kupunjwa na wanunuzi, wakaweka watu wao wenyewe wa kusimamia upimaji, na kwa njia hiyo vyama vyao vya ushirika vikapata nguvu. Hawakudai mizani ivunjwe. Walidai kwamba nao waione.

Leo iko mizani nyingine ambayo wengi wetu hatujaitazama vizuri, nayo ni ile ipimayo akili na tabia ya mtu. Kijana aombaye kazi huketishwa mbele ya karatasi au kompyuta, akaulizwa habari za maumbo, hesabu na maneno. Kisha akaulizwa kama yeye ni mtu wa kupenda watu au wa kukaa peke yake. Baada ya muda mfupi hutoka namba, na namba hiyo yaweza kumfungulia mlango au kumfungia. Yatupasa basi tujue mizani hii imetoka wapi, imewahi kufanya nini, na ni nani aliyeishika.

Asili yake haikuwa mbaya. Mwaka 1904 Serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kuangalia jinsi ya kuwatambua watoto walioshindwa kufuata masomo, ili wapewe mafunzo ya namna yao. Mtaalamu Alfred Binet, pamoja na mwenzake Théodore Simon, walitoa kipimo chao mwaka 1905, chenye maswali na kazi 30, kuanzia nyepesi hadi nzito. Binet mwenyewe alionya kwamba akili haipimwi kama urefu wa ubao. Aliwalaumu vikali wale waliodhani kwamba mtoto aliyezaliwa na akili kiasi fulani atakufa nayo hiyo hiyo, naye aliamini kwamba kwa mafunzo na mazoezi akili hukua. Kwake yeye kipimo kilikuwa kama taa ya mganga: chamulika palipo na ugonjwa ili upate kutibiwa.

Binet alifariki mwaka 1911, na taa yake ikachukuliwa na wengine. Mwaka 1912 Mjerumani William Stern alishauri kwamba umri wa akili wa mtoto ugawanywe kwa umri wake wa kuzaliwa. Mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akaeneza desturi ya kuzidisha jibu hilo kwa 100. Hivyo mtoto wa miaka 10 aliyejibu kama watoto wa miaka 8 akaitwa 80. Siku hizi hesabu hiyo imeachwa, na mtu hulinganishwa na wenzake wa umri wake, ambao wastani wao huwekwa kuwa 100. Lakini madhara yalikuwa yamekwisha ingia: mtu alikuwa amegeuka namba, na namba ilikuwa imeanza kusemwa kana kwamba amezaliwa nayo.

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, wataalamu chini ya Robert Yerkes waliwapima askari wapatao 1,700,000. Waliojua kusoma walipewa karatasi moja, wasiojua wakapewa nyingine ya picha. Na maswali yenyewe yalikuwaje? Mtu aliulizwa kazi ya mchezaji mashuhuri wa besiboli, au bidhaa fulani ya dukani ni dawa, ni dawa ya meno, au ni chakula. Asiyejua kusoma alionyeshwa picha ya uwanja wa tenisi akaambiwa achore kilichopungua. Mhamiaji aliyetoka juzi katika kijiji cha Italia, ambaye hajapata kuona wavu wa tenisi, aliandikiwa upungufu wa akili. Mwaka 1923 Carl Brigham alitumia matokeo hayo kuandika kwamba watu wa Ulaya ya Kusini na Mashariki, na Wamarekani weusi, wana akili pungufu. Mwaka uliofuata Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwazuia wahamiaji wa sehemu hizo. Sheria hiyo haikuletwa na kitabu kile peke yake, maana chuki ilikuwako tangu zamani, lakini chuki ilipata cheti cha elimu. Wayahudi waliomkimbia Hitler katika miaka ya 1930, wengi wao waliukuta mlango huo umefungwa. Mwaka 1930 Brigham aliandika kwamba hoja zake hazikuwa na msingi, lakini sheria ilibaki palepale.

Wala Afrika Mashariki haikusalimika. John Carothers, aliyeiongoza Hospitali ya Mathari ya Nairobi tangu mwaka 1938 hadi 1950, alidai kwamba Mwafrika hutumia kidogo sana sehemu ya mbele ya ubongo wake. Kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika kilitolewa na Shirika la Afya la Dunia mwaka 1953. Mwaka uliofuata Serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha maelezo yake juu ya Mau Mau, naye akaweka uzito katika nafsi ya Mkikuyu iliyovurugwa na mabadiliko. Wenyewe walikuwa wakidai ardhi. Wakajibiwa kwamba wana ugonjwa wa nafsi. Frantz Fanon, daktari wa maradhi hayo hayo, aliyapinga mafundisho hayo katika kitabu chake cha mwaka 1961. Alikuwa ameyaona Algeria, ambako madaktari wa Kifaransa walisema maneno ya namna moja juu ya Waarabu. Mtawala asiyetaka kusikia madai ya mtu hupata nafuu kubwa akiambiwa kwamba mtu huyo hana akili timamu.

Lakini habari itupasayo sisi wafanyakazi kuliko zote yatoka katika kituo cha umeme cha Dan River, mjini Draper, katika Jimbo la North Carolina, Marekani. Kituo hicho cha kampuni ya Duke Power kilikuwa na wafanyakazi 95, na 14 kati yao walikuwa weusi. Wote waliwekwa katika idara ya vibarua, ambayo mshahara wake wa juu kabisa ulikuwa chini ya mshahara mdogo kabisa wa idara nyingine zote. Tarehe 2 Julai, 1965, Sheria ya Haki za Raia ilianza kuwabana waajiri wasibague kwa rangi. Siku hiyo hiyo kampuni ilileta sharti jipya: anayetaka kuajiriwa nje ya idara ya vibarua awe na cheti cha shule ya sekondari na pia afaulu mitihani miwili, mmoja wa akili na mmoja wa ufahamu wa mitambo. Baadaye wafanyakazi wa zamani wasio na cheti waliruhusiwa kuhama wakifaulu mitihani hiyo. Lakini alama ya kufaulu iliwekwa juu kiasi cha kuwaangusha kama nusu ya wahitimu wote wa sekondari. Na wazungu walioingia kabla ya sharti hilo, wasio na cheti wala mtihani, waliendelea kufanya kazi vizuri na kupandishwa vyeo.

Wafanyakazi weusi 13, Willie Griggs akiwa wa kwanza kuandikwa, walikwenda mahakamani. Walishindwa mara ya kwanza, na katika rufaa hawakupata yote waliyoyadai. Tarehe 8 Machi, 1971, Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa haki yao kwa kauli moja. Mahakama hiyo haikukataza mitihani. Ilisema kwamba kipimo lazima kimpime mtu kwa kazi atakayoifanya, na kwamba nia njema ya mwajiri haitoshi kukihalalisha kipimo kinachowazuia watu wa kundi moja pasipo sababu inayotokana na kazi yenyewe.

Je, elimu ya leo yasemaje juu ya akili yenyewe? Katika wilaya ya Embu, Kenya, watoto wa umri wa miaka 7 hivi walipimwa kwa mafumbo ya maumbo mwaka 1984, na wengine wa umri huo wakapimwa mwaka 1998. Wa pili waliwapita wa kwanza kwa mbali. Damu ya watu wa Embu haikubadilika katika miaka 14. Watafiti walitaja mambo yaliyobadilika: wazazi waliojua kusoma waliongezeka, na lishe na afya ya watoto vilikuwa bora. Robert Serpell naye aliwalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi Waingereza walishinda. Kwa waya, ambao mtoto wa Lusaka hutengenezea vigari tangu utotoni, Wazambia walishinda. Kwa udongo walikwenda sare. Basi nani mwenye akili zaidi? Jibu hutegemea nani amechagua kitu cha kupimia.

Wako watakaosema: kama ni hivyo tuviache vipimo vyote. La, hilo nalo ni kosa, tena kosa la hatari. Mahali pasipo na kipimo hujaa kujuana. Mtoto wa mkulima asiye na mjomba ofisini hana ngao nyingine ila mtihani wa haki. Mtoto asiyesikia vizuri, ambaye mwalimu humdhania mjinga, huokolewa na kipimo kizuri. Tunachokitaka ni kipimo kilichokaguliwa.

Chama chetu hakikuanza jana kuitazama habari hii. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ililaumu mitihani inayopima kukariri tu na kuacha fikara na moyo wa kuwatumikia wenzako. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka waendao Chuo Kikuu watazamwe pia kwa kazi waliyoifanya. Lakini yatupasa kukumbuka kwamba kupima tabia ni kugumu kuliko kupima hesabu, maana mkubwa wa kazi aweza kumwita mtu mkaidi kwa sababu tu amedai haki yake. Siku hizi huuzwa karatasi zinazowagawa wanadamu wote katika aina 16 za tabia, kwa mfano ule wa Isabel Myers na mama yake Katharine Briggs. Mara nyingi mtu akipimwa tena baada ya majuma machache huangukia aina nyingine, na hata wachapishaji wa kipimo hicho wasema kisitumiwe kuchagua wa kuajiriwa.

Kwa hiyo matawi ya vyama vya wafanyakazi hayana budi kuuliza maswali matatu kila kipimo kinapoletwa kazini. Kwanza, kinapima kazi gani? Fundi wa kuchomelea na apewe chuma achomelee. Mafumbo ya maumbo hayaungi bomba. Pili, wastani wake ulipatikana kwa watu gani, na kwa lugha gani? Mtu anayeifahamu kazi kwa Kiswahili asiangushwe kwa Kiingereza cha karatasi, kama kazi yenyewe haihitaji Kiingereza. Tatu, majibu yanawekwa wapi, nani anayaona, na aliyepimwa ataelezwaje sababu ya kukataliwa?

Maswali haya hayakosi msingi wa sheria. Afrika Kusini, ambako chini ya ubaguzi wa rangi vipimo vilitumiwa kuwagawia kazi wachimbaji wa migodini, imeweka katika sheria yake ya mwaka 1998 kwamba hakuna mwajiri kutumia kipimo cha nafsi kisichothibitishwa na kisicho cha haki kwa watu wote. Hapa kwetu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza ubaguzi, na kuruhusu tofauti inayotokana na mahitaji ya kazi yenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo yahusu habari za mtu zinazokusanywa na kuwekwa. Sheria hizo zina faida zikitumiwa. Wale watu 13 wa Draper walikuwa vibarua, wengi wao bila cheti cha sekondari, nao waliisoma sheria ya nchi yao wakaishika mpaka mwisho. Viongozi wa matawi waanze na mahali pao pa kazi: waombe kuonyeshwa kipimo kinachotumika, wakisome, na wawaeleze wenzao kilivyo.