Je, Wajua? Damu ikirudi, moyo waweza kuvurugika

Mshipa wa moyo ukiziba, miisho ya neva ndani ya msuli uliokosa oksijeni huanza, baada ya takriban dakika 10, kuvujisha yenyewe kemikali iitwayo noradrenalini, bila amri ya ubongo. Kemikali hiyo huongeza kalsiamu ndani ya seli zilizokwisha kudhoofika, na mapigo hupoteza mpangilio. Cha ajabu zaidi, hata mshipa ukizibuliwa, damu inayorudi ghafla yaweza kuzusha mapigo ya ovyo. Tiba yenyewe ina hatari yake. Propranololi, dawa inayozuia noradrenalini hiyo na adrenalini zisiuchochee moyo, ilibuniwa miaka ya 1960 na Mskoti James Black, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Ukibanwa na kifua, usisubiri kesho: nenda hospitali.