Guangzhou: Mtandao upo kila kona, WhatsApp haipo

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza huwa ameshauliza karibu kila kitu: bei ya vyumba Xiaobei, ada ya wakala wa mizigo, hata mahali pa kupata wali wa kueleweka. Intaneti haiulizii. Nani ahangaikie mtandao katika nchi inayotutengenezea simu, tena iliyowasha 5G tangu Novemba 2019?

Na kweli mtandao upo. Unasoma ndani ya treni za chini ya ardhi, unasoma kwenye lifti, unasoma hadi ghorofa ya chini kabisa ya soko la mikoba la Baiyun. Kisichosoma ni WhatsApp. Unatuma picha, pembeni yake kinabaki kile kialama kidogo cha saa, tiki haiji. Gmail kimya. Instagram, Facebook, YouTube, zote kimya. Mgeni anazima simu na kuiwasha, anatoa laini na kuirudisha, mwishoni anamlaumu aliyemuuzia simu.

Simu haina kosa. Facebook ilifungwa China bara Julai 2009. Mwaka 2010 Google ikahamishia huduma yake ya utafutaji Hong Kong, ambako ukuta wa vizuizi vya mtandao wa China bara haupo. WhatsApp ilidumu zaidi, nayo ikazibwa mwaka 2017. Kwa hiyo anayesema Guangzhou ina intaneti mbovu anakosea. Intaneti yake ina kasi kuliko yetu. Ni kwamba njia ya kuelekea kwetu imefungwa.

Kwa mtalii huo ni usumbufu tu. Kwa mtu wa Kariakoo ni hasara ya siku nzima, kwa sababu biashara ya siku hizi inakwenda kwa picha. Unasimama mbele ya kibanda, unapiga picha mikoba ya rangi sita, unairusha kwenye kundi la wateja Dar, wao ndio wanaochagua. Guangzhou iko mbele yetu kwa saa tano. Saa nne asubuhi, masoko yamechangamka, Dar ni saa kumi na moja alfajiri na wateja wamelala. Wakiamka na kuanza kujibu, kwako ni mchana, na jioni wenye vibanda wanafunga. Saa chache zilizobaki katikati ndizo za kuweka oda. Picha isipofika ndani ya muda huo, utanunua rangi kwa kubahatisha.

Kimbilio la kwanza la wengi ni waifai ya bure. Uwanja wa ndege wa Baiyun una mashine inayosoma pasipoti na kukupa tarakimu za kuingilia, jambo la kistaarabu kabisa. Ukitoka hapo hali inabadilika. Madukani na kwenye migahawa, waifai huomba namba ya simu ili ikutumie ujumbe wa kuthibitisha, na mara nyingi namba inayotakiwa ni ya China. Hotelini utaipata bila shida, ila ni ileile ya ndani ya ukuta.

Njia ya pili ni laini ya hapohapo: China Mobile, China Unicom au China Telecom. Utahitaji pasipoti, na tangu Desemba 2019 mnunuaji hupigwa pia picha ya uso. Sisi tuliosajili laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA hatuwezi kulalamika sana. Nenda kwenye duka kubwa la kampuni. Vibanda vingi vya mtaani havina utaratibu wa pasipoti. Kuna watu watakaokuuzia barabarani laini iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu usiyemjua. Ni rahisi na ya haraka, lakini siku inapokatwa huna pa kulalamikia, na kila akaunti uliyoifungua kwa namba hiyo iko mashakani.

Laini ya China ni ya lazima kwa mambo ya huko, ila WhatsApp haitaifungua. Inayoifungua ni ileile uliyotoka nayo nyumbani, kwa romingi. Watu wengi hawaliamini hili mpaka walione. Sababu yake ni ya kiufundi na si ngumu: simu yenye laini ya Tanzania ikiwa China hutumia mnara wa Kichina, lakini data yake husafirishwa kwanza hadi kwa kampuni yako nyumbani, na huko ndiko inakotokea kuingia intaneti. Kwa WhatsApp, wewe bado uko Dar es Salaam. Ndiyo maana pia unabeba vizuizi vya nyumbani: mtandao wa X ulipofungwa Tanzania Mei 2025, laini ya Tanzania haikuwa msaada kwa anayeutaka, awe Sinza au Sanyuanli.

Ubaya wa romingi ni bei. Usipojiunga na kifurushi, video mbili zilizojipakua zenyewe zinatosha kumaliza salio. Zima upakuaji wa picha na video kwenye WhatsApp kabla hujapanda ndege, zima na programu zinazojisasisha. Simu zetu nyingi ni za laini mbili, kwa hiyo mgawo ni rahisi: data ya laini ya China kwa kutwa, laini ya nyumbani unaihamishia data pale unapotaka kurusha picha za oda. Hata usipoitumia kwa data, usiitoe. Ujumbe wa benki wenye tarakimu za kuthibitisha malipo unakuja huko.

Zipo pia eSIM za wasafiri zinazouzwa mtandaoni, nyingi zikipitia Hong Kong au Singapore, nazo hufungua WhatsApp, mara nyingi kwa bei nafuu kuliko romingi. Angalia kwanza kama simu yako inazikubali. iPhone nyingi zilizotengenezwa kwa soko la China bara hazina eSIM, na simu za aina hiyo hazikosekani Dar.

Na VPN? Kila kundi la wafanyabiashara lina mtu wa kuipendekeza. China hairuhusu VPN zisizo na kibali, na hata zinazofanya kazi hukatika bila taarifa. Mimi nisingejenga safari ya mtaji wa mamilioni juu yake.

Tuje kwa WeChat, kwa sababu bila hiyo hata laini tatu hazitakufaa. Simama kwenye kibanda chochote cha mikoba: muuzaji hakupi kadi ya biashara. Anageuza simu yake, unaskani mraba wa QR, mmekuwa marafiki, na bei, sampuli na namba ya katoni vinapita humo. Asipojua Kiingereza unabonyeza ujumbe wake kwa sekunde moja na WeChat inautafsiri. Malipo ni QR nyingine, iliyobandikwa mezani. Programu nyingine ya malipo, Alipay, inakubali kadi za Visa na Mastercard za nje. Malipo yasiyozidi yuani 200 hayana makato, yakizidi hapo hukatwa asilimia 3.

Tatizo ni kujisajili. Akaunti mpya ya WeChat mara nyingi hutaka mtu mwingine mwenye akaunti ya siku nyingi akuskanie, kama mdhamini, na mtu huyo haruhusiwi kudhamini watu ovyo. Dar utampata kwa simu moja. Ukishatua Guangzhou usiku bila kumjua mtu, ni habari nyingine. Tena Google Play haifunguki kule, kwa hiyo mwenye Android ambaye hakupakua WeChat na Alipay nyumbani amejiongezea kazi.

Ramani nazo zina vituko. China hutumia mfumo wake wa kuonyesha mahali kwenye ramani, kiasi kwamba kwenye Google Maps alama yako inaweza kukaa mamia ya mita kutoka uliposimama. Tumia Gaode, au Apple Maps kwa wenye iPhone. Na omba kadi ya hoteli yenye anwani kwa Kichina, uiweke mfukoni. Dereva wa teksi ataielewa hata simu ikizimika.

Maonyesho ya biashara ya Canton, ya huko Guangzhou, hufunguliwa Aprili 15 na Oktoba 15, na kila msimu ndege za Guangzhou hujaa watu wetu. Kampuni zetu za simu zinajua hilo. Ziweke hadharani, kwa Kiswahili na kwa shilingi, bei ya kifurushi cha romingi cha China wiki mbili kabla ya kila maonyesho, badala ya kumwachia mteja aigundue salio linapokata.