Msaada Unapotiliwa Shaka

Mwanzoni mwa 2006, Kenya ikiwa imeshatangaza ukame kuwa janga la kitaifa, Christine Drummond wa New Zealand, mwenye kampuni ya chakula cha mbwa ya Mighty Mix, alijitolea kutuma tani 42 za unga wa lishe kwa watoto wa Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria kilicho magharibi mwa nyanda za Gusii. Alisisitiza kwamba watu wangeweza kuula bila wasiwasi. Serikali ilikataa, na msemaji wake, Alfred Mutua, akasema ni matusi, ikizingatiwa jinsi mbwa anavyochukuliwa na jamii nyingi za Kenya.

Wengine waliona kiburi cha mwenye njaa. Lakini aliye na njaa bado ana haki ya kuuliza anapewa nini.

Mwaka 2002 Kusini mwa Afrika kulikuwa na njaa, na Marekani ikaleta mahindi yaliyobadilishwa vinasaba (GMO). Zimbabwe na Msumbiji zilitaka yasagwe kwanza. Sharti hilo mkulima wa Suneka, hapa Gusii, angelielewa mara moja. Huku mashamba ni vipande, na mpaka wa jirani na jirani aghalabu ni mstari wa nyasi za nepia. Chavua ya mahindi hubebwa na upepo na kuvuka mpaka huo bila kizuizi. Mtu akipewa gorogoro la mahindi mazima mvua inapokaribia, atapika mengi, na machache atayafukia shambani aone kama yataota. Unga haumei. Shaka ya nchi hizo, basi, ilipata dawa kwenye kinu.

Levy Mwanawasa wa Zambia alikataa hata unga, akauita sumu, ilhali zaidi ya watu milioni 2 nchini mwake walihitaji chakula. Hapo shaka ilizidi kiasi: mahindi hayo yalikuwa yakilimwa na kuliwa Marekani tangu 1996, na walioumia si waliotoa amri.

Kenya nayo ilipiga marufuku GMO mwaka 2012, ikaiondoa marufuku hiyo Oktoba 2022 mvua zilipokosekana misimu mfululizo. Mwezi uliofuata Waziri wa Biashara, Moses Kuria, akasema kwamba kwa vile nchi hii ina mengi ya kuua, kuongeza GMO si kosa. Kauli moja ya namna hiyo huharibu kazi ya miaka ya wanasayansi. Kabla ya mwezi huo kuisha, Mahakama Kuu ilikuwa imesimamisha uagizaji.

Mama anayeenda posho mili ya Suneka anataka kujua mahindi yametoka wapi, nani ameyapima, na akiyapanda itakuwaje. Sheria ya 2009 iliunda mamlaka ya usalama wa kibayolojia ishughulikie hayo, na kanuni za 2012 zinataka chakula chenye GMO kiwekewe lebo. Pakiti ya dukani itaonyesha. Mahindi yanayopimwa kwa gorogoro kutoka gunia lililo wazi hayana pa kubandika lebo.