Hita ya Dizeli Inapokataa Kuwaka

Katika maegesho ya malori huko North Dakota au Manitoba, usiku wa Januari unaweza kushuka hadi nyuzi 25 chini ya sifuri. Hapo hita ndogo iliyofungwa chini ya kitanda cha dereva si anasa. Injini ya lori kubwa ikiachwa inanguruma gari limesimama hula karibu lita 3 za dizeli kwa saa, ilhali hita kama Webasto Air Top 2000 au Eberspächer Airtronic D2 hutumia kama robo lita kwa saa ikiwa imefunguliwa hadi mwisho. Tena yapo majimbo yanayobana muda wa kuiacha injini ikinguruma. California kikomo cha kawaida ni dakika 5. Kwa hiyo dereva anayetoka Goma, Eldoret au Mbeya na sasa anakula mkate wake kwenye barabara za Marekani na Kanada anaitegemea hita hiyo kweli kweli, na ikigoma usiku anajikuta hana pa kushika.

Malalamiko huwa yale yale: feni inazunguka, inatulia, inajaribu tena, kisha kimya. Karakana nyingi hujibu kwa kubadilisha plagi, na plagi mpya ikishindwa hubadilisha kompyuta ya hita, ambayo ni ghali kuliko vyote. Mimi napinga utaratibu huo. Hita nyingi zisizowaka hazijaharibika. Zimenyimwa kitu, ama umeme, ama mafuta, ama hewa. Na hita yenyewe hukuonyesha imenyimwa nini, ukiipa dakika chache za kuitazama na kuisikiliza kabla hujashika spana.

Ukibonyeza swichi, feni huanza kuzunguka polepole. Plagi ya kupasha hupata umeme na kuwa nyekundu, jambo linalochukua kama dakika moja. Ndipo pampu ya mafuta inapoanza kugonga, tik, tik, tik, kila pigo moja likisukuma tone la dizeli kwenye chumba cha moto. Mafuta yakishika moto, sensa huona joto likipanda, plagi huzimwa na feni huongeza mwendo. Moto usipoonekana, hita hurudia mara ya pili, halafu hujifunga na kuonyesha namba ya hitilafu. Kwa Eberspächer namba 52, kwa mfano, ina maana kwamba muda uliowekwa wa kuwaka umekwisha bila moto. Namba hiyo inakuambia kilichotokea. Sababu yake utaitafuta mwenyewe.

Basi nenda nje, simama kwenye mdomo wa bomba la moshi wakati pampu inagonga. Pasipotoka moshi wowote wala harufu, mafuta hayafiki. Ukitoka moshi mweupe mzito wenye harufu kali ya dizeli mbichi, mafuta yanafika lakini hayapati joto la kuyawasha. Moshi mweusi nao unasema moto umeshika ila hewa haitoshi: bomba limezibwa na theluji au matope, au chumba kimejaa masizi. Kipimo hiki hakigharimu hata senti, na kinaondoa nusu ya kubahatisha.

Umeme ndio ninaoukagua kwanza, maana ndio unaodanganya kuliko vyote. Betri ikipimwa hita ikiwa imezimwa itasoma volti 12.4, na dereva ataapa kwamba ni nzima. Lakini plagi ya kupasha huvuta ampea 8 hadi 10 inapoanza, na betri iliyopigwa na baridi usiku kucha hulegea pale pale. Pima volti kwenye soketi ya hita yenyewe, plagi ikiwa inapashwa, si kwenye vichwa vya betri. Fundi akitumia waya mwembamba wa milimita mraba 1.5, na betri iko mita 5 kutoka kwenye hita, umeme unasafiri mita 10 kwenda na kurudi; kwa ampea 10 unapoteza zaidi ya volti moja njiani. Betri inayotoa 11.6 itaifikishia hita chini ya 10.5, na hapo ndipo hita nyingi za volti 12 hukataa kazi. Waya wa milimita mraba 4 hupunguza hasara hiyo hadi chini ya nusu volti. Angalia pia kishikio cha fyuzi na nati ya waya wa hasi. Kutu kidogo pale, isiyoonekana hata kwa tochi, inatosha kuiua hita nzima.

Umeme ukiwa sawa na moshi haupo, fuata mafuta. Anza na geji ya tangi! Bomba la kunyonyea la hita hukatwa makusudi juu kidogo ya sakafu ya tangi ili hita isije ikaliacha lori bila mafuta ya kurudi nyumbani. Tangi likishuka sana injini itaendelea kuwaka bila shida, lakini hita itakuwa inanyonya hewa. Pampu hizi hazina nguvu ya kupambana na hewa. Kwa sababu hiyo mpira wake ni mgumu na mwembamba, tundu lake kama milimita 2, na pampu hufungwa kwa mshazari, mdomo wa kutolea ukitazama juu ili povu litoke. Aliyeweka mpira mpana wa petroli mahali pake ameweka ghala la mapovu. Hata kwenye maungio, ncha mbili za mpira mgumu zinapaswa kugusana kabisa ndani ya kiungo. Pengo la ukucha tu hukusanya povu linalozima moto kila linapopita.

Pampu ikiwa inagonga lakini mafuta hayasogei, fikiria baridi yenyewe. Dizeli ya kawaida, ambayo Marekani huitwa namba 2, huanza kutoa nta baridi inapokaza, na nta hiyo huziba chujio dogo la hita mapema kuliko chujio kubwa la injini. Aliyejaza tangi Texas kisha akalala Minnesota ameibeba shida yake kutoka kusini. Dawa ni dizeli namba 1, ambayo tabia yake iko karibu na mafuta ya taa, au mchanganyiko unaouzwa huko kaskazini wakati wa baridi. Petroli usiiguse.

Kama moshi mweupe unatoka na volti zinatosha, sasa ndiyo zamu ya plagi. Ichomoe soketi yake uipime kwa mita: plagi nzima ya hita ya volti 12 husoma omu 1 hivi au chini ya hapo; isiposoma kitu, imekatika. Usiishie hapo. Ndani ya tundu la plagi kuna kichujio kidogo cha wavu wa waya, nacho kinafanya kazi ya utambi wa koroboi: kinanyonya mafuta, kinayatandaza, yanageuka mvuke na kushika moto. Wavu ukiganda masizi, plagi mpya itakuwa nyekundu bure. Ni kifaa cha bei ndogo, na kubadilisha plagi bila kukibadilisha naona ni kazi nusu.

Masizi hayo huletwa zaidi na kuiendesha hita kwa joto la chini usiku baada ya usiku. Iwashe hadi mwisho nusu saa kila baada ya siku chache, moto mkali uyachome. Milimani masizi huongezeka haraka, kwa kuwa hewa ni nyepesi na mafuta ni yale yale: kwenye Eisenhower Tunnel huko Colorado uko karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na hita isiyo na marekebisho ya mwinuko itatoa moshi mweusi tu. Wala usiikatie umeme kwa swichi kuu ikiwa moto. Iache feni imalize dakika zake chache za kupoza.

Jambo moja nalisisitiza kwa yeyote aliye peke yake usiku na amechoka. Usiiwashe tena na tena ukitumaini itakubali. Kila jaribio linamwaga dizeli chumbani, na siku itakaposhika italipuka kwa mwali na wingu la moshi. Usinyunyize etha kwenye bomba la hewa kwa hali yoyote. Na kabla hujafunga mlango ulale, kagua klipu na maungio ya bomba la moshi chini ya sakafu, kwa sababu hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Kengele yake yenye betri, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya nyumbani, ifungwe karibu na kichwa cha kitanda hata kama hita ni mpya.