Unahofia mwenza wako ana ugonjwa wa ngono? Anza na tarehe, iache simu yake

Mama anafua nguo Jumamosi asubuhi. Kwenye mfuko wa suruali ya mumewe anakuta karatasi ya vidonge vya doxycycline, vinne vimeshatumika. Hamuulizi. Anachukua simu na kutafuta dawa hiyo inatibu nini, na majibu ya kwanza anayokutana nayo ni kisonono na klamidia. Ikifika saa nne kiuno kinamuuma, anahisi muwasho ambao jana haukuwapo, na usiku analala ameuelekea ukuta.

Simsemi mtu fulani, lakini wapo wasomaji watakaojiona hapo, wanaume kwa wanawake. Wengi wao huja kituoni na swali moja ambalo ukilichunguza ni mawili. La kwanza: je, nimeambukizwa? La pili: je, amenisaliti? Maabara inaweza kulijibu la kwanza. La pili halina kipimo, na wanaoteseka zaidi ni wale wanaotaka majibu ya damu na mkojo yawajibie hilo la pili.

Tuanze na vile vidonge. Doxycycline inatibu klamidia, ni kweli. Inatibu pia maambukizi ya kifua na chunusi kali, na baadhi ya wasafiri huitumia kujikinga na malaria. Karatasi ya dawa mfukoni ni sababu nzuri ya kuuliza. Ushahidi ni kitu kingine.

Kila ugonjwa na muda wake

Wasiwasi unapungua ukipewa tarehe. Jiulize: mara ya mwisho kukutana kimwili bila kondomu ilikuwa lini?

Kama ni ndani ya saa 72 zilizopita na una sababu ya kweli ya kuhofia Virusi vya Ukimwi (VVU), usisubiri kumaliza kusoma makala hii. Nenda kituo cha afya leo, hata kama ni Jumapili, uulize kuhusu dawa kinga. Hunywewa kwa siku 28, na kadiri unavyoianza mapema ndivyo inavyofanya kazi vizuri. Saa 72 zikipita, mlango huo umefungwa.

Kisonono kwa mwanaume kwa kawaida hujionyesha ndani ya siku mbili hadi saba, kwa usaha na maumivu wakati wa kukojoa. Klamidia huchukua wiki moja hadi tatu, na mara nyingi haionyeshi chochote, hasa kwa wanawake. Kidonda cha kaswende, ambacho kwa kawaida hakiumi, hutokea kati ya siku 10 na 90, wastani ukiwa wiki tatu. Masundosundo huweza kuchukua miezi. Kwa VVU, kipimo cha haraka cha damu ya kidoleni huhesabiwa kuwa na jibu la uhakika miezi mitatu tangu siku ya hatari.

Kwa hiyo anayekimbilia kupima siku ya pili na kuambiwa hana kitu amepata faraja isiyo na msingi. Wenza wanaoishi pamoja na kukutana mara kwa mara hawana siku moja ya kuhesabia: wapime sasa, watumie kondomu au wapumzike, kisha warudie baada ya miezi mitatu. Ziandike tarehe hizo mahali. Siku zilizo katikati si za kupima, na kujikagua kwa tochi kila usiku hakutazisogeza.

Tena kujikagua kwenyewe kunadhuru. Mwanaume anayekamua uume kila saa kuangalia kama kuna usaha atauchubua mrija wa mkojo mpaka majimaji yatoke kweli. Mwanamke anayejisafisha ndani kwa sabuni, chumvi au ndimu anawaua bakteria walinzi wa uke, na baada ya siku chache ana harufu na muwasho aliojitengenezea mwenyewe. Hofu nayo ina dalili zake: moyo kwenda mbio, kukosa usingizi, kukojoa mara kwa mara, tumbo kuvurugika. Lakini hofu haileti usaha, haileti kidonda, haileti malengelenge wala homa yenye maumivu chini ya kitovu. Ukiona hayo, nenda kapimwe siku hiyohiyo.

Kuhusu choo, kwa kuwa swali hili haliishi: kisonono na kaswende havipatikani kwa kukalia choo cha baa au cha stendi. Maambukizi ya njia ya mkojo, yaani UTI, na fangasi za ukeni havihesabiwi kuwa magonjwa ya ngono, na msichana ambaye hajawahi kukutana na mwanaume anaweza kuvipata. Upande wa pili, ile “UTI sugu” inayotibiwa kila mwezi kwa dawa ya dukani bila kipimo huenda wakati mwingine ni klamidia iliyopewa jina la heshima.

Majibu yasichosema

Hapa ndipo nyumba nyingi hutikisika. Klamidia inaweza kukaa kimya mwilini kwa miezi, hata zaidi ya mwaka. Trikomona nayo inaweza kukaa muda mrefu kwa mwanamke bila dalili. Virusi vinavyosababisha malengelenge ya sehemu za siri vinaweza kuingia leo na kutoa vidonda baada ya miaka. Kipimo cha haraka cha kaswende, kile kinachotumika kliniki ya wajawazito, husoma kingamwili ambazo mara nyingi hubaki kwenye damu maisha yote hata kwa mtu aliyetibiwa akapona kabla hajakujua wewe. Ndiyo maana ni muhimu kumweleza mhudumu kama uliwahi kutibiwa, ili afanye kipimo kingine kinachoonyesha kama ugonjwa bado uko hai.

Sisemi haya ili kumpa mtu pa kujifichia. Mwanaume aliyeanza kutokwa na usaha juzi, mara nyingi sana amepata maambukizi siku za karibuni, na mkewe ana haki ya kuuliza. Ninachosema ni kwamba jibu la maabara peke yake halitaji mtu wala tarehe.

Kumwambia mwenza

Usiyaanzishe mazungumzo haya kitandani, mbele ya watoto, wala siku ambayo mama mkwe yupo. Usianze na ile karatasi ya dawa mkononi kama askari wa usalama barabarani. Yapo maneno mepesi: “Baba Asha, afya yangu inanitia wasiwasi na sitaki nikae na jambo moyoni. Twende tukapime wote wawili, na mpaka majibu yatoke tutumie kondomu.” Ukiongea hivyo unaongelea afya ya nyumba, na mlango wa kusema ukweli unabaki wazi. Kama upo ukweli, huenda ukasemwa.

Akikataa, nenda peke yako. Yeye naye asikuambie kwamba amepima na yu salama, hivyo nawe u salama. Wenza wawili wanaweza kuwa na majibu tofauti. Na kama unajua kwamba mazungumzo haya yatakuletea kipigo, mweleze mhudumu kwanza, na Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi liko kwa ajili hiyo.

Jambo ambalo sitaki kabisa mtu alifanye ni tiba ya siri. Mtu ananunua vidonge vya rangi mbili, anakunywa siku tatu, dalili zinapungua, anaacha. Au anavisaga na kumtilia mwenza kwenye chai, bila kujua kama mwili wake unazikataa dawa hizo. Vimelea vya kisonono vimeshajifunza kuzishinda dawa nyingi, kuanzia penisilini hadi siprofloksasini, na sasa tunategemea zaidi sindano ya seftriaksoni. Mkitibiwa, tibiwani wote wawili na mkae siku saba baada ya matibabu bila tendo la ndoa, la sivyo mtarudishiana ugonjwa kama mpira.

Kwa mjamzito, habari ni nzito zaidi. Kaswende isiyotibiwa inaweza kuua mtoto tumboni au akazaliwa nayo, na kisonono na klamidia huweza kushambulia macho ya mtoto wakati anazaliwa. Kaswende kwa mjamzito hutibiwa kwa sindano ya penisilini, na kumkinga mtoto inawezekana kabisa mama akitibiwa mapema. Ukiwa na mimba au unanyonyesha, sema hivyo kabla hujapewa dawa yoyote. Ile doxycycline, kwa mfano, kwa kawaida haipewi mjamzito. Nenda kliniki na baba wa mtoto. Akigoma, usiache kwenda.

Neno kwa mzazi ambaye kijana wake ndiye mwenye hofu: tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kuridhia mwenyewe kupimwa VVU. Akikueleza, msindikize. Fimbo itamfundisha kutokukueleza tena.

Kuna watakaopima na kukuta ugonjwa. Kisonono, klamidia, kaswende na trikomona vyote vinatibika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa hayo manne kwa mwaka 2020 pekee, kwa hiyo huko peke yako kwenye benchi la kusubiri. VVU haviponi, lakini mtu anayetumia ARV vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo cha wingi wa virusi hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana.

Na kuna watakaopima, wakarudia baada ya miezi mitatu, wakakutwa salama, lakini bado wanatafuta maabara nyingine. Kwa hawa, kipimo cha tano hakitatuliza kitu. Mweleze mhudumu hivi: “Nimepima, niko salama, lakini silali.” Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma za afya ya akili, na unaweza kuomba barua ya rufaa kutoka kituo hichohicho ulichopimia. Swali lile la pili, la usaliti, linahitaji mtu wa kukaa nanyi: mshauri nasaha, mshenga wenu, au mzee mmoja mnayemheshimu wote wawili na anayejua kufunga mdomo.