Kumbukumbu za Kaya Zinavyoshikana

Kambi ya Mtendeli, katika wilaya ya Kakonko iliyomegwa kutoka Kibondo, ilipokea wakimbizi wa Burundi kuanzia Januari 2016. Ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2021, waliosalia humo walihamishiwa Nduta. Watu walisafirishwa pamoja na mizigo yao. Kumbukumbu zao nazo hazikuwa na budi kuhama.

Ichukuliwe, kwa mfano, kaya ya watu sita. Iwapo jina la kambi limeandikwa ubavuni mwa kila mtu, karani atalisahihisha mara sita. Akisahau moja, mtoto mmoja atabaki Mtendeli kwa maandishi, na mgao wake wa chakula utahesabiwa mahali asipokuwapo.

Dawa ya tatizo hili ilielezwa mwaka 1970 na E. F. Codd, mwanahisabati Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani. Habari za kaya huwekwa katika jedwali moja na za watu katika jedwali jingine, na kila mtu huandikiwa namba ya kaya yake tu. Kambi ya kaya ikisahihishwa mara moja, wote sita wamekwisha kuhama.

Lakini mtunga programu hafikiri kwa majedwali. Hufikiri juu ya mtu na kaya yake. Ndiyo sababu ya kuundwa wafasiri wa kati, kama vile Hibernate (2001) na yule wa Django (2005). Mtunga programu huandika *mtu.kaya.kambi*, naye mfasiri huifuata namba hadi jedwali la pili na kurudi na jibu. Nukta ile si ngeni kwa Mswahili: ni "kambi ya kaya ya mtu", ila imesomwa kutoka nyuma.

Urahisi huo una mtego wake. Ikitakiwa orodha ya watu 500 pamoja na kambi zao, mfasiri asiyeelekezwa huuliza swali moja la kuwapata watu, kisha swali jingine kwa kila mmoja: maswali 501! Penye mtandao hafifu, foleni haisogei. Akiagizwa mapema ayaunganishe majedwali, swali moja latosha.

Jambo la kuogopwa zaidi ni kufuta. Kaya ikifutwa, watu wake wafanyweje? Mfasiri aweza kuwafuta pamoja nayo, kukataa kuifuta, au kuwaacha bila kaya. Tangu toleo la 2.0 la Django, lililotoka Desemba 2017, mtunga programu hulazimika kuchagua mwenyewe. Kabla ya hapo, aliponyamaza, wote walifutwa.